Bodi Ambayo Fundi Bonifasi Hakuitaja

Kwa miezi tisa Dainess alikuwa akimdanganya mtu aliyemfundisha kila alichokijua kuhusu kompyuta, tena akimdanganya kwa heshima zote.

Ilianza na laptop ya mchungaji mmoja wa Katonga. Fundi Bonifasi aliifungua mwenyewe, akabadilisha kioo kwa kupapasa, akafunga skrubu zote, akasema tayari. Haikuwa tayari. Waya mwembamba wa kioo ulikuwa haujaingia mahali pake, kosa ambalo mtu mwenye macho analiona kabla hajafunga skrubu ya kwanza. Dainess alisubiri mzee aende kula, akaifungua ile laptop harakaharaka, akausukuma waya kwa kidole, akaifunga tena. Jioni mzee alipouliza, "Ile ya mchungaji iliwaka?" yeye akajibu, "Iliwaka, Mwalimu." Na kweli ilikuwa imewaka. Baada ya hapo kudanganya kukawa rahisi, kama kuteremka mlima kwa baiskeli.

Tusimlaumu upesi. Alifika kwenye karakana ile akiwa na miaka kumi na tisa, matokeo ya kidato cha nne yamemwangusha, baba yake amefariki, na mafundi wote aliowaomba wamfundishe kazi wamemcheka machoni: msichana na bisibisi wapi na wapi. Bonifasi hakucheka. Alimpa kiti, akamwekea kompyuta mbovu ya ofisi fulani mezani, akamwambia aivue yote mpaka libaki kasha tupu, kisha airudishe. Miaka kumi na mitano sasa walikuwa wamekaa meza moja, pale Mwanga, mjini Kigoma, kando ya barabara iendayo Ujiji, katikati ya muuza mawese na fundi cherehani. Hakuwahi kumwita baba, lakini siku Dainess alipoolewa ni Bonifasi aliyekaa kwenye kiti cha baba.

Halafu macho ya Bonifasi yakaanza kwenda. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, wakamwambia pia kwamba amechelewa mno kuja. Alichelewa kwa sababu alificha. Kwanza liliondoka la kushoto, akageuza kiti chake ili mwanga uje upande wa kulia. Kisha la kulia nalo likafifia, polepole, kwa miaka kama mitatu, mpaka asubuhi moja akamuuliza Dainess kama umeme umekatika, na umeme ulikuwepo.

Karakana ile ilikuwa na kanuni moja, na Bonifasi ndiye aliyeiweka. "Ukiona nimekosea, nyamaza mpaka mteja aondoke," alimwambia Dainess wiki ya kwanza. "Ukinikosoa mbele yake hatatuamini tena, mimi wala wewe." Ilikuwa kanuni nzuri wakati mzee anaona. Mteja aliondoka, Dainess akasema lake, wakabishana, wakarekebisha, wakachekana. Baada ya giza kumwingia mzee machoni, mteja aliondoka na Dainess akaendelea kunyamaza. Usiniulize ni siku gani hasa heshima iligeuka kuwa kitu kingine. Yeye mwenyewe hakuiona siku hiyo ikipita.

Mwezi wa tisa akaja Shadia. Huyu alikuwa mpiga video za harusi wa Ujiji, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mzuri, na kompyuta yake ilikuwa imezeeka kiasi kwamba, kwa kauli yake, bibi harusi anajifungua mtoto wa kwanza video haijatoka. Alitaka mashine mpya ya mezani, iungwe hapahapa Kigoma, yenye nguvu ya kukata video ndefu, na ikiwezekana isukumwe kidogo kupita mwendo iliotoka nao kiwandani. Na alitaka iungwe na Fundi Bonifasi.

"Hii niliyonayo uliniungia wewe, Mzee," alisema. "Miaka minane, haijawahi kunizimikia katikati ya kazi."

Dainess alimwona mzee akinyooka kwenye kiti. Alikuwa hajanyooka hivyo tangu mwaka uanze.

"Andika," Bonifasi akamwambia.

Akavitaja vyombo kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Prosesa, ubongo wa mashine, akataja ile mpya, aliyoisikia ikisifiwa kwenye simu yake inayomsomea habari. Bodi, ile sahani kubwa inayobeba vyombo vyote, akataja aina aliyoiamini miaka yote. RAM akataja zile zinazokwenda na bodi hiyo. Pawa, kile kisanduku cha kugawa umeme, iwe na nguvu ya ziada, maana umeme wa Kigoma anaujua tabia zake. Kasha liwe la kupitisha hewa. Kipoza joto kisinunuliwe, kimo kabatini, kile kikubwa chenye mabomba ya shaba alichokitoa kwenye mashine ya shirika lililofunga ofisi, na ambacho alikuwa amekihifadhi ndani ya kipande cha kitenge akisubiri kazi inayostahili.

Kalamu ya Dainess ilisimama kwenye chombo cha pili. Prosesa ile haiingii kwenye bodi ile. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilikuwa ikitoa prosesa mpya zinazokaa kwenye bodi zilezile, na ndiyo maana Bonifasi aliipenda. Lakini wakati yeye anageuza kiti kufuata mwanga, wenzake kiwandani walibadilisha kila kitu. Prosesa za zamani zilikuwa na pini chini, zaidi ya elfu moja, nyembamba kama nywele. Hizi mpya ziko laini chini, na pini zimehamia kwenye bodi. RAM nazo zimebadilika, ule mkato mdogo unaoonyesha zinavyokaa umesogea. Kwa orodha ile, vyombo vingefika Kigoma na kutazamana tu.

Shadia alikuwa amekaa palepale. Dainess akaandika kama alivyoambiwa.

Mteja alipoondoka Dainess alifungua mdomo, kwa kweli aliufungua, lakini mzee alimtangulia.

"Semeni amepiga simu tena," alisema. Semeni alikuwa dada yake, na aliishi Mwamgongo, kijiji walikozaliwa, safari ya boti kutoka Kibirizi. "Chumba amekipaka chokaa. Ananisubiri."

"Kwani unakwenda, Mwalimu?"

"Sijui. Sijui tena kama mimi ni fundi, au ni mgeni unayemvutia kiti kila asubuhi. Nikiwauliza watu wananijibu vizuri. Kila mtu katika mji huu ananijibu vizuri siku hizi." Akapapasa meza mpaka akaipata bisibisi yake, ile yenye mpini wa mbao alioutengeneza mwenyewe. "Kwa hiyo nitaiuliza mashine. Kompyuta haijui nani mzee wala nani haoni. Ukiiunga vibaya haiwaki, basi. Hii ya Shadia nimeichagulia vyombo mimi, na nitaiunga mimi. Wewe bisibisi usiguse. Ikiwaka, nabaki. Isipowaka, ufunguo wa karakana ni wako, na mimi napanda boti."

Dainess akaufunga mdomo wake. Kumwambia kwamba orodha ina kosa ilikuwa ni kumwambia aende Mwamgongo. Kunyamaza ilikuwa vilevile ni kumpeleka Mwamgongo, kwa kuchelewa kidogo tu. Alizunguka na jambo hilo siku nzima. Alasiri akatoka nje, akasimama nyuma ya madumu ya mawese ya jirani, akampigia Rodgers, yule wanayeagiza vyombo kwake Kariakoo. Akamsomea orodha ya mzee yote, ila bodi akataja ile inayopokea prosesa mpya, na RAM akataja zinazokwenda na bodi hiyo.

"Mzee ameamua kwenda na wakati," Rodgers akasema, akifurahi.

"Ndiyo," Dainess akajibu.

Boksi lilifika kwa basi siku ya nne. Siku tatu za kusubiri Dainess alizitumia kupanga uongo. Alijua vidole vya mzee vitagundua kwamba pini hazipo chini ya prosesa, hilo halikuwa na ubishi. Kwa hiyo angemwambia bodi ni ileile, jina ni lilelile, watu wa kiwandani ndio waliobadilisha umbo. Alijisemea kwamba huo si uongo mkubwa. Nusu yake ni kweli, na mzee atapata kubaki, nani ataumia?

Shadia alikuja asubuhi na mapema kuangalia mashine yake ikizaliwa. Alimwamkia mzee, akavuta kigoda, akatulia kuliko kawaida yake. Bonifasi alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akashika nondo ya dirisha ili umeme wa mwilini umtoke. Hilo hakuwahi kulisahau, awe anaona au haoni. Kisha akaanza na prosesa.

Aliitoa kwenye kiboksi chake kwa ncha za vidole, akaishika pembeni, akaigeuza, akapitisha kidole chini yake kwa wepesi wa mtu anayepima homa ya mtoto. Kidole kikasimama. Kikarudi kilikotoka, kikapita tena. Akaiweka prosesa chini, akaivuta bodi, akapapasa mpaka akafika kwenye kile kiti cha prosesa chenye fremu ya chuma na kifuniko cha plastiki. Hapo mkono wake ulikaa muda mrefu.

"Dainess," aliita. "Hii ndiyo bodi niliyoitaja?"

Shadia aliinua macho. Jirani alikuwa akimimina mawese kwenye chupa, na mlio wake ulisikika mpaka ndani.

"Ndiyo, Mwalimu. Siku hizi pini wamezihamishia kwenye bodi."

"Jina lilelile?"

"Lilelile."

Mzee akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha, lugha aliyoizungumza pale karakana akiwa na furaha sana au na huzuni sana. Akaendelea na kazi.

Na lo, alivyoifanya kazi ile. Hata Dainess, pamoja na uongo wake, alimtazama kama siku ya kwanza. Aliikalisha prosesa bila kuigusa pini hata moja, akashusha kishikio chake, na kifuniko kikaruka chenyewe kama kinavyotakiwa. Akachukua RAM, akautafuta mkato kwa ukucha, akaukuta si mahali alipoujua. Uso wake haukubadilika. Akazipanga zikalia tik, tik. Kisha akafungua kabati, akakitoa kipoza joto chake cha shaba, akakifungua kile kitenge. Akaigeuza bodi upande wa nyuma ili alitoe bamba la chuma lililoko pale na kuweka la kipoza joto, jinsi alivyofanya mara mia.

Bamba halikutoka. Alifungua skrubu, akalisukuma, akalivuta. Akalipapasa ukingo wote. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

Kwenye bodi hizi mpya bamba la nyuma ndilo linaloshikilia kiti cha prosesa, halitolewi. Dainess alikuwa amefikiria prosesa, amefikiria bodi, amefikiria RAM, amefikiria uongo wake kutoka pande zote, ila kile kipoza joto ndani ya kitenge hakikumpitia akilini hata mara moja. Na bila kipoza joto kikubwa mashine haisukumwi popote, itachemka tu.

"Shadia, binti yangu," Bonifasi alisema kwa upole. "Nenda kanywe chai hapo ng'ambo. Nusu saa tu."

Shadia aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akachukua mkoba wake, akatoka. Mzee alisubiri mpaka kandambili zake zikavuka barabara.

"Haya, mteja ameondoka," alisema. "Sema."

Bado Dainess angeweza kudanganya. Maneno yalikuwepo, alikuwa ameyapanga siku tatu. Alipomtazama mzee ameketi na bodi mapajani, mikono imeishikilia kwa pembe zake nne ili asiiumize, yale maneno yakamkwama.

"Bodi uliyoitaja haipokei prosesa hii, Mwalimu. Walibadilisha. Nilijua siku ileile ulipoitaja."

"Na RAM?"

"Na RAM. Nilimwambia Rodgers alete nyingine."

"Na laptop ya mchungaji?"

Dainess alitazama sakafu. "Waya wa kioo haukuwa umekaa."

"Na nyingine ngapi?"

"Zote pamoja na hiyo, kumi na moja."

Hakuwa amewahi kuzihesabu kwa makusudi. Idadi ilitoka tu, tayari, na aliposikia sauti yake ikiitaja aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake.

Bonifasi aliilaza bodi juu ya boksi lake. Akaifumbata mikono yake.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema. "Mji mzima unanihurumia. Nikipita, vijana wanaacha kucheka mpaka nipite. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo nitapata jibu la kweli, hata likiwa chungu. Nikaona, mashine hainihurumii. Kumbe na hapo umefika kabla yangu."

"Nilitaka ubaki."

"Nibaki kama nani?"

Machozi yalimtoka Dainess, akashukuru moyoni kwamba mzee hayaoni, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

"Futa pua," Bonifasi alisema. "Nakusikia. Mimi nimekosea, kosa la kijinga, la mtu aliyelala wenzake wakitembea. Litaniuma mpaka nife. Lakini na wewe umekosea, Dainess, na sisemi uongo tu. Ungeniambia bodi imebadilika, swali langu la kwanza lingekuwa bamba la nyuma. Ningekuuliza kabla hujamaliza kusema. Uliogopa kuniuliza, ndiyo maana tumekaa hapa na kipoza joto kisichoshika."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lina matundu ya skrubu, hilo bamba?"

"Manne."

"Vishikizo vya plastiki vya juu vinatoka?"

"Vinatoka."

"Basi tutashika hapohapo. Kipoza joto kitakaa chini mno kikibanwa, kwa hiyo kinahitaji kuinuliwa. Pima."

Dainess hakuelewa mara moja.

"Nilisema bisibisi usiguse," mzee alisema. "Sasa gusa. Pima urefu kutoka bamba mpaka mkono wa kipoza joto, na unisomee unachokiona, si unachotaka nikisikie."

Akapima, akasoma. Milimita saba. Bonifasi alivuta kopo la maziwa alilolijaza skrubu za miaka ishirini na nne, akaingiza mkono, akawa anachambua kama mama anavyochambua mchele. Dainess mwenye macho yake mawili asingezipata skrubu zile hata kwa siku nzima. Mzee alizitoa nne, moja baada ya nyingine, urefu mmoja, unene mmoja, zikaingia kwenye matundu bila ubishi. Kisha akamwambia achukue kalamu ya wino iliyoisha, autoe wino, na akate mrija wake vipande vinne vya kuvalisha zile skrubu. Akakata. Mzee akavipima kwa ukucha.

"Hiki kirefu."

"Kiko sawa."

"Kirefu."

Dainess akakipima upya. Kilikuwa kirefu, kwa unene wa karatasi. "Ni kweli," alisema. "Kirefu." Akakisugua kwenye sakafu ya simenti mpaka kikalingana na wenzake.

Shadia aliporudi kipoza joto kilikuwa kimekaa imara juu ya prosesa, kimebanwa na skrubu za kopo na mrija wa kalamu. Waliifunga bodi kwenye kasha, wakaunga nyaya, mzee akivuta kila mmoja kuhakikisha. Hatimaye akaweka kidole kwenye kitufe, akakaa nacho pale kidogo, akabonyeza.

Feni zikaanza kuzunguka. Skrini ilikaa nyeusi kwa muda ambao Dainess aliuona mrefu kupita kiasi, kisha maandishi meupe yakatokea.

"Imewaka," alisema.

"Kweli?"

Neno hilo moja lilimchoma kuliko yote aliyoambiwa asubuhi ile.

"Kweli, Mwalimu."

Bonifasi aligeuza uso upande wa kigoda. "Shadia, wewe unaona nini?"

"Maandishi, Fundi. Meupe. Yameandika jina la prosesa," Shadia alijibu, akishangaa anaulizwa nini.

"Vizuri," mzee alisema, akavuta pumzi.

Ikabaki kuisukuma. Kazi hiyo haitaki haraka: unaongeza mwendo hatua moja, unaipa mashine kazi nzito, unaangalia joto, ukiridhika unaongeza hatua nyingine. Shadia alitoa flashi yenye harusi ya Kagunga ya saa nne nzima, na hiyo ndiyo ikawa kipimo. Dainess alikaa mbele ya skrini, akisoma nyuzi za joto. Mzee alisimama nyuma ya kasha, kiganja juu ya matundu ya hewa, sikio limeinama.

"Ongeza."

"Sitini na nane."

"Ongeza."

"Sabini na tano."

"Ongeza."

"Themanini na mbili." Mashine ilikuwa ikiitafuna ile harusi kwa kasi iliyomfanya Shadia ainuke kwenye kigoda.

"Ongeza."

Dainess akaongeza. Joto likapanda mpaka themanini na tisa, likakaa hapo. Nje jua la Septemba lilikuwa limeanza kuchoma mabati. Mzee alisikiliza feni, na tabasamu dogo likamjia, la kwanza siku nyingi.

"Bado ina pumzi," alisema. "Ongeza tena."

Haikuwa na pumzi. Hatua moja zaidi na prosesa ingeanza kujipunguza yenyewe ili isiungue, na mchana wa mwezi wa kumi, kwenye chumba cha Shadia kisicho na dirisha la maana, ingezima katikati ya kazi. Dainess aliiweka mikono kwenye kibodi. Ingekuwa rahisi sana. Angebonyeza kitu chochote, mlio usikike, aseme nimeongeza, na kesho mzee akiwa hayupo airudishe nyuma. Mteja alikuwa amekaa palepale, na kanuni ilikuwa kunyamaza.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Umekosea. Ni themanini na tisa na haijafika saa sita. Tukiongeza itamzimikia. Turudi nyuma hatua moja."

Shadia alimgeukia kwa macho ya mtu aliyemwona mwenzake akimtemea mate mzee. Kigoda kililia chini yake.

Bonifasi hakuondoa kiganja chake kwenye matundu ya hewa. Lile tabasamu lilikuwa limeondoka. Dainess alitaka kurudisha maneno yake mdomoni, akajizuia, akasubiri.

"Hatua moja?" mzee aliuliza.

"Moja tu."

"Rudi."

Shadia aliichukua mashine yake alasiri, imefungwa kwa magodoro ya zamani ndani ya bajaji, akaahidi kupiga simu ikifika. Alimuaga mzee kwa maneno mengi, na Dainess kwa machache. Bajaji ilipopotea, Bonifasi aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa karakana, akauweka mezani mbele ya Dainess.

"Orodha iliyowaka haikuwa yangu," alisema. "Na bisibisi uliigusa."

"Mwalimu, mashine imewaka."

"Imewaka. Tulikubaliana mimi nitaiwasha peke yangu, na sikuiwasha peke yangu." Akachukua fimbo yake. "Usinipe tena kitu ambacho sijakishinda. Tafadhali."

Akaondoka kuelekea nyumbani, akigusa ukingo wa mtaro kwa fimbo. Dainess hakumfuata. Usiku hakulala, na alfajiri alimfikiria yuko Kibirizi anasaidiwa kupanda boti, begi limeshikwa na mtu asiyemjua. Alimpigia simu, simu haikupokelewa. Saa mbili kasoro alikwenda karakana kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, mgongo umeelekea mlango, na muuza mawese alikuwa amempa kiti ambacho hakukikalia. Miaka ishirini na minne alikuwa ameufungua mlango ule mwenyewe. Sasa alikuwa akisubiri kufunguliwa.

"Nimechelewa?" aliuliza aliposikia hatua zake.

"Hapana, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Fungua basi."

Dainess alikosa tundu la ufunguo mara mbili, na mzee alisikia. Waliingia. Dainess alisogeza kiti kama kawaida, kisha akakumbuka, akakiacha. Bonifasi akakitafuta mwenyewe kwa fimbo, akakipata, akaketi upande wake wa meza, akaikunjua mikono yake juu ya mbao.

"Semeni nimemwambia angoje kwanza. Zile kumi na moja," alisema. "Nataka unitajie moja moja. Nilikosea wapi, na nilipaswa kushika wapi. Usiruke."

"Wateja watakuja, Mwalimu."

"Waache waje. Wasikie."

Dainess akavuta kigoda, akaketi karibu naye. Akachukua laptop moja mbovu kwenye rafu, akaifungua, akaushika mkono wa mzee na kuweka kidole chake kwenye ule waya mwembamba wa kioo.

"Ya kwanza," alisema, "ilikuwa ya mchungaji."